Kinini cha moyo na maini: usikiache peke yako, usikinywe bila kupimwa



Mwezi huu tuzungumze juu ya ulizo moja: dawa inayotuliza mapigo ya moyo, je, inaweza kuharibu maini? Jibu ni ndiyo, inaweza. Haifanyi hivyo kwa kila mtu, na kuna njia ya kuona hatari mapema. Lakini jibu hili likisemwa nusu, linaua. Mtu anasikia sokoni, "Ile dawa inamalizaka maini", anatupa vinini vyake chooni, na baada ya wiki chache moyo unamwangusha. Mwingine anasikia, "Dawa ya moyo haiachwi hata siku moja", anakunywa miaka mitatu bila kupima damu hata mara moja, mpaka siku macho yanageuka manjano. Wote wawili wamesikia nusu ya ukweli.

Basi vuteni kiti. Mwenye miwani asomee wengine.

KAPITA WA MOYO

Moyo wa mtu mzima aliyekaa kimya unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Juu yake, upande wa kuume, kuna mahali padogo panapotoa cheche ya umeme, na kwa kila cheche moyo mzima unajikaza. Fikiri kikosi cha watu wanaosukuma gari la mawe. Kapita akiita, wote wanasukuma pamoja, gari linakwenda. Sasa fikiri kila mtu anaita kwa wakati wake. Jasho linatoka, kelele ni nyingi, gari halisogei.

Ndivyo inavyokuwa moyo ukipoteza mpigo. Mgonjwa anasema, "Roho inapiga mbio", au "Inapiga, inaruka, inapiga tena." Anachoka kwa kazi ndogo, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinazunguka, pengine anazimia. Kuna hatari nyingine isiyoonekana: damu isiyosukumwa vizuri inaganda ndani ya moyo, na bonge likipanda kichwani, mtu anaamka asubuhi na upande mmoja umepooza.

Sababu ni nyingi. Kwa wazee, tansio ya miaka mingi isiyotunzwa. Kwa vijana wa kwetu, mara nyingi ni koo la utotoni: mtoto anaumwa koo, hatibiwi, baadaye homa ya viungo inashambulia milango ya moyo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kuleta jambo hilo, na pombe nyingi pia. Kwa hiyo, mama, mtoto akiumwa koo na homa, usimpe maji ya chumvi tu. Mpeleke kwa munganga.

DAWA HIZI ZILITOKA WAPI?

Sisi huku tumezoea kuita kila kidonge "kinini". Watu wachache wanajua kwamba kwa upande wa moyo jina hili lina maana ya kweli. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea munganga Karel Wenckebach, akamwambia kwamba yeye mwenyewe anajua kutuliza moyo wake: anakunywa kinini ya malaria. Munganga hakuamini. Kesho yake mtu yule alirudi, na moyo wake ulikuwa unapiga sawasawa. Wenckebach aliandika habari hiyo mwaka 1914, na mwaka 1918 munganga Walter Frey alionyesha kwamba kinidini, ndugu ya kinini katika magome yaleyale ya mti wa kinkina, ina nguvu zaidi kwa moyo.

Mti huo wa kinkina ulipandwa kwetu Kongo, katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kilijulikana mbali kwa dawa za magome hayo. Lakini kinidini nayo ina ubaya wake. Kwa watu wengine, katika wiki za kwanza, inaleta homa na kuchoma maini. Wakiacha dawa, maini yanapona.

Baadaye ikaja dawa ambayo leo inajulikana sana katika shauri hili: amiodaroni. Wengi wanaijua kwa jina la biashara, Cordarone. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1961 na kampuni ya Labaz, kwa ajili ya maumivu ya kifua. Baadaye ndipo waganga walipoona kwamba inatuliza mapigo. Mwaka 1970 Bramah Singh na Miles Vaughan Williams wa Oxford walieleza nguvu hiyo, na huko Argentina munganga Mauricio Rosenbaum akaitumia kwa wagonjwa wengi ambao dawa nyingine zilishindwa. Marekani waliikubali mwaka 1985.

Alama za hatari ya maini zilikuwa zimeonekana mapema katika ukoo huo wa dawa. Benziodaroni, ndugu yake mkubwa, iliondolewa Ufaransa mwaka 1964 kwa sababu ya kuleta macho ya manjano. Tena mwaka 2009 ilitoka ndugu mdogo, dronedaroni, ambayo ilitumainiwa kuwa salama zaidi. Lakini Januari 2011 wakubwa wa dawa wa Marekani walitoa onyo: wagonjwa wawili walioinywa waliharibikiwa maini mpaka wakabadilishiwa.

MAINI YANAPATA NINI?

Maini ni jiko na tena ni mahali pa kusafishia. Kila unachokula na kila kinini unachomeza kinapita hapo. Amiodaroni inapenda mafuta. Inaingia ndani ya maini, ndani ya mapafu, ndani ya mafuta ya mwili, na inakaa. Ukiacha leo, itachukua karibu miezi 2 kwa wastani ili nusu yake itoke; kwa wengine ni zaidi. Ndiyo maana ubaya unaweza kuonekana hata baada ya kuacha, na ndiyo maana munganga anataka kukuona tena hata kama dawa imekwisha.

Katika wagonjwa 100 wanaokunywa dawa hii kwa muda mrefu, karibu 15 hadi 30 damu yao inaonyesha kwamba maini yamesumbuliwa kidogo. Wengi wao hawasikii kitu. Wanaopata ugonjwa mzito wa maini ni wachache, chini ya 3 katika 100. Lakini kwa hao wachache, kama hakuna anayepima, maini yanaweza kukauka na kuwa magumu kabisa.

Kipimo chenyewe ni rahisi: damu kidogo, na karatasi ya labo inarudi na maneno GOT na GPT, au ASAT na ALAT. Kwa labo nyingi kipimo cha kawaida ni chini ya 40 hivi. Angalia namba zilizoandikwa pembeni ya karatasi yako. Ikipanda kidogo na kusimama hapo, mara nyingi munganga anaangalia tu na kupima tena. Ikipita mara 3 ya kawaida, anapunguza dawa au anaisimamisha na kutafuta nyingine. Damu inapimwa kabla ya kuanza, halafu karibu kila miezi 6. Pamoja na maini, inapimwa tezi ya shingo, kwa maana kinini kimoja cha miligramu 200 kina karibu miligramu 75 za iodini, na mwili wa mtu mzima unahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku.

"ULE MUZEE ANAKUNYWAKA LUTUKU"

Tuchukue mfano. Tuseme ni baba mmoja wa Kikula, mzee wa jumuiya, aliyefanya kazi Shituru miaka mingi. Anakunywa amiodaroni mwaka wa pili. Mwanawe anamwangalia mezani:

"Papa, macho yako iko manjano."

"Acha, mwana. Ni malaria tu. Nitakunywa dawa ya malaria, itaisha."

Wiki inapita. Bukari haipiti tena kooni, mkojo unakuwa kama chai nyeusi, tumbo linavimba. Majirani wanaanza: "Ule muzee anakunywaka lutuku ku kificho." Wengine wanasema amerogwa, na macho yanamwangalia mke wa mwanawe. Kumbe mzee hajagusa hata chupa moja ya bia tangu miaka kumi.

Sikilizeni vizuri. Maini yaliyochomwa na amiodaroni, hata yakiangaliwa na mtaalamu kwa darubini, yanafanana sana na maini ya mlevi. Kama mtaalamu anaweza kusita, jirani anajua nini? Kumwita mzee mlevi, au kumwita binti mchawi, kwa sababu ya ugonjwa ambao kipimo cha labo kingeueleza, ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya watu. Nyumba zimevunjika kwa maneno kama hayo.

Lakini tuwe wa haki pia. Si kila macho ya manjano ya mgonjwa wa moyo yanatoka kwa dawa. Ugonjwa wa maini wa virusi B ni wa kawaida katika Afrika yetu. Lutuku yenyewe inaharibu maini kweli. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumu ya maini. Tena moyo dhaifu unarudisha damu nyuma, maini yanavimba, na hapo mgonjwa anahitaji moyo wake utunzwe zaidi. Akiacha dawa ya moyo kwa sababu maini yamevimba, pengine anaongeza ugonjwa uleule uliovimbisha maini. Unaona sasa kwa nini tunasema usiamue peke yako?

KIKOHOZI CHA MTU WA MGODI

Hili ni la nyumba zetu hasa. Amiodaroni inaweza kugusa mapafu pia: kikohozi kikavu, pumzi fupi, homa ndogo, kukonda. Sasa mtu aliyekula vumbi la mgodi miaka 20 akianza kukohoa, kila mtu anasema, "Ni vumbi." Au, "Ni kifua kikuu." Inaweza kuwa hivyo. Inaweza pia kuwa kinini. Kama munganga wa kifua hajui kwamba unakunywa dawa ya moyo, atatafuta mahali pengine na wakati unapita. Mwambie.

Angalia na haya: ngozi inayoungua upesi kwa jua (vaa kofia na mikono mirefu), na duara la mwangaza kuzunguka taa usiku. Hayo mwambie munganga, bila kuogopa.

MALARIA, KIFUA KIKUU NA MITI

Hapa Likasi hakuna nyumba isiyoijua malaria, na hapa ndipo hatari inapojificha. Kinini ya malaria yenyewe, na lumefantrini iliyo ndani ya Coartem, zinaweza kugusa umeme wa moyo. Zikikutana na amiodaroni, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Haina maana kwamba mgonjwa wa moyo asitibiwe malaria. Malaria inaua upesi. Maana yake ni kwamba asijinunulie dawa fermasi kwa kubahatisha. Apimwe kwanza, aseme dawa zake zote, munganga achague.

Dawa za kifua kikuu nazo ni nzito kwa maini, hasa izoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Anayezinywa pamoja na ile ya moyo apimwe damu mara nyingi zaidi. Mwaka 2015 wakubwa wa dawa wa Ulaya na Marekani walionya pia juu ya sofosbuviri, dawa ya maini ya virusi C: ikinywewa pamoja na amiodaroni, moyo unaweza kupiga polepole mpaka hatari. Hata digoksini na warfarini, ambazo wagonjwa wengi wa moyo wanakunywa, nguvu yake inapanda amiodaroni ikiongezwa. Munganga anapunguza kipimo.

Na parasetamoli? Inafaa, lakini ina mpaka. Mtu mzima mwenye afya asipite vinini 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Mwenye maini yaliyoumia aulize kwanza. Kwake kipimo ni kidogo zaidi.

Juu ya miti, hatudharau hekima ya wazee wetu. Lakini mizizi iliyochemshwa haina karatasi inayosema kipimo, na mingine inachoma maini. Mgonjwa anayekunywa dawa ya moyo na mizizi kwa siri, damu yake ikiharibika, munganga hatajua ashike lipi.

SHAURI LA MFUKO

Tunajua jibu la wengi: "Pesa ya kupima iko wapi?" Zamani mfanyakazi wa kampuni alitibiwa katika hospitali ya kampuni, pamoja na bibi yake na watoto. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na kwa familia nyingi matunzo hayo yaliondoka pamoja na kazi. Leo mzee ananunua vinini kidogokidogo, na kupima anakuita kupoteza franka.

Ndugu, hesabuni pamoja. Kipimo cha damu ni mara 2 kwa mwaka. Likelemba ya jumuiya inaweza kukilipa kwa zamu. Watoto watatu wakigawana, hakuna anayelemewa. Kulala hospitali na maini yaliyokauka, au kupanda gari kwenda Lubumbashi usiku na mgonjwa anayezimia, kutakula zaidi ya hapo.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Jueni jina la dawa. "Kinini kyeupe kya roho" si jina. Soma sanduku, andika jina na miligramu katika kitabu cha nyumba.

2. Mukienda hospitali yoyote, hata kwa jino, bebeni masanduku yote ya dawa ndani ya mfuko mmoja, na ya miti pia.

3. Ulizeni munganga maneno manne: Ninakunywa kwa sababu gani? Mpaka lini? Nitapima damu lini? Nikiona nini nirudi mbio?

4. Wekeni karatasi za labo zote pamoja. Namba moja haisemi sana. Namba za mwaka huu karibu na za mwaka jana zinasema.

5. Rudini upesi mkiona: macho ya manjano, mkojo mweusi, kukosa hamu ya chakula siku nyingi, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kuume, tumbo kuvimba, kikohozi kipya.

6. Kimbieni siku ileile mkiona: kuzimia, kifua kubana, pumzi kukatika, mkono au mdomo kulegea upande mmoja.

7. Pombe yoyote, acheni. Maini yanayobeba dawa hii hayana nafasi ya kubeba lutuku.

8. Msiongeze, msipunguze, msigawane dawa na jirani. Dawa iliyomfaa yeye inaweza kukusimamisha moyo.

KWA VIJANA

Ninyi mnaojua kusoma Kifaransa cha sanduku na karatasi ya labo, kazi hii ni yenu. Mzee haoni herufi ndogo, na pengine anaona haya kumuuliza munganga mara mbili. Wewe uliza. Uandike. Ukisikia watu wanamsema kwamba analewa au amerogwa, usikae kimya, waambie unachojua. Na kama unapenda masomo ya uuguzi au ya labo, jua kwamba Likasi inahitaji mikono kama yako.

Kuna Wakristo wanaofikiri kwamba kupima ni kukosa imani. Fungueni Biblia, kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, msome wenyewe habari za munganga na dawa, tena msome pamoja na mgonjwa. Na Luka, ambaye Injili yake inasomwa kanisani, Paulo mwenyewe alimwita munganga. Ombeni, na mpime damu. Hakuna ugomvi kati ya hayo mawili.

Leo jioni, baada ya bukari, chukueni mfuko wa dawa wa papa au wa mama, muumwage juu ya meza. Someni majina moja moja. Ukiona amiodaroni au Cordarone, uliza tu: "Papa, damu ulipima lini?" Akisema hakumbuki, usimtishe, na usimwondolee dawa. Kesho asubuhi mpeleke.